Wamekuja na shaka zao: jinsi ya kuwasilisha hoja mpaka ipite

Hakuna anayekuja mkutanoni akiwa hana lake moyoni. Mzee aliyeegemea fimbo chini ya mwembe ameshaamua kwamba kamati inakula hela. Mama aliyepitia hapo akitoka kuchota maji anawaza kama bei ya ndoo itapanda. Vijana waliokaa juu ya pikipiki kule nyuma wanataka kujua tenda kapewa nani. Halafu anasimama msemaji, anafungua faili, anasoma takwimu dakika ishirini. Anapigiwa makofi, maana watu wetu wana adabu. Ikifika zamu ya kupiga kura, mikono haipandi.

Kwa maoni yangu, hotuba ya kushawishi hujengwa kwa shaka ambazo wasikilizaji wamekuja nazo, na hupangwa kwa kufuata jinsi shaka hizo zinavyowauma. Sauti, slaidi, mikono na maiki vinafuata baadaye. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa hotuba ukibaki hewani haushikiki. Tuseme kamati ya maji ya kijiji inataka kuachana na jenereta ya dizeli na kufunga pampu ya sola. Namba nilizoweka ni za mfano. Weka za kwako.

Andika ombi kwanza, hotuba baadaye

Kabla ya kuandika salamu, andika sentensi moja inayosema unataka watu wafanye nini kabla hawajatawanyika. "Kuhamasisha jamii kuhusu nishati mbadala" haitoshi, maana hakuna mkono unaoweza kunyooshwa kwa jambo hilo. Andika hivi: "Naomba mkutano uidhinishe leo kutoa shilingi milioni 14 zilizo benki ziwe malipo ya kwanza ya pampu ya sola." Ina kiasi, ina siku, ina mwenye uamuzi. Ikikushinda kuandika sentensi ya namna hiyo, hoja yako bado ni mbichi, na ni afadhali uahirishe kuliko kuipeleka mbele ya watu ikaungua.

Sentensi hiyo inakusaidia pia kupunguza. Kila aya unayoiandika iulize: mtu akiikosa hii, atashindwa kunyoosha mkono? Kama hatashindwa, itoe. Historia ya mradi tangu mwaka 2009 mara nyingi hutoka hapo, na hakuna atakayeitafuta.

Kukusanya shaka

Siku tatu au nne kabla ya mkutano, ongea na watu watatu tu: anayekuunga mkono, anayekupinga waziwazi, na yule mkimya ambaye akisema jambo watu huinamisha vichwa. Huyo wa tatu ndiye wa maana kuliko wote. Usimuulize, "Unaonaje wazo letu?" Kwa adabu atakujibu ni jambo jema, na utaondoka mikono mitupu. Muulize hivi: "Ukisikia kamati inataka kununua pampu ya sola, kitu gani kinakutia wasiwasi?" Swali hilo linampa ruhusa ya kukosoa bila kukuvunjia heshima.

Andika majibu kwa maneno yaleyale waliyoyatumia. Kama mtu alisema "hela za mwaka jana zimeyeyuka", usiandike "changamoto za uwazi wa kifedha". Siku ya mkutano utayataja maneno yake, na waliokuwa wakiyanong'ona watajua kwamba umewasikia.

Katika mfano wetu shaka zikawa nne. Hela za mwaka jana ziko wapi? Paneli si zitaibiwa? Masika jua likipotea wiki nzima tutakunywa nini? Na bei ya ndoo je?

Ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaja njia tatu za kushawishi: imani ya watu kwa msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Ile ya kwanza aliipa uzito mkubwa mno, na mkutano wowote wa kijiji utakuonyesha sababu. Mtu anayeamini kwamba umekula hela hasikii hesabu zako za dizeli. Anakuona unapiga hesabu za kula tena.

Kwa hiyo mapato na matumizi yanatangulia. Yabandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji wiki moja kabla, ukurasa mmoja, yakiwa na salio la benki na tarehe ya salio hilo. Mkutanoni taja namba tatu tu: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Taarifa ya benki aishike mhazini, isiwe mikononi mwako, na aseme wazi kwamba yeyote anayetaka kuiona aje mbele. Wengi hawatakuja. Lakini wamekwisha kuona kwamba hufichi uso na karatasi imo mkononi mwa mtu mwingine. Ikiwa kweli kuna hela iliyopotea, sema wewe kabla hujaulizwa, taja kiasi, taja hatua iliyochukuliwa. Ukingoja iulizwe kutoka nyuma, hotuba yako imeishia hapo hapo.

Hesabu ipikwe mpaka ifike kwenye ndoo

Hapa ndipo wataalamu wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaleta namba ikiwa bado na sura ya ofisini. Chukua jenereta inayokunywa lita 12 za dizeli kwa siku, lita moja shilingi 3,000. Hiyo ni 36,000 kwa siku, na kwa siku 365 ni 13,140,000. Msemaji wa kawaida huitaja hiyo milioni kumi na tatu na kuendelea. Milioni kumi na tatu kwa mtu anayenunua ndoo ya shilingi 50 ni nchi ya mbali.

Endelea kugawa. Kama kisima kinatoa lita 40,000 kwa siku, hizo ni ndoo 2,000 za lita 20. Gawa 36,000 kwa 2,000, unapata 18. Sasa unayo sentensi: "Mama yangu, katika kila shilingi 50 unayotoa pale bombani, shilingi 18 zinaungua ndani ya jenereta." Nunua lita moja ya dizeli kwenye chupa ya maji ya plastiki, isimamishe mezani, uinyanyue unapoitamka. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Kwako ukimya huo utakuwa mrefu kama mwaka. Kwa msikilizaji ni muda wa kutoa 18 katika 50.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaojenga au kubomoa heshima yako. Pampu ya sola kamili, pamoja na paneli na kufungwa, tuseme ni milioni 38. Ukigawa kwa 13,140,000 unapata miaka mitatu kasoro ya kurudisha gharama. Namba inavutia, nawe utatamani kuitangaza. Usiitangaze. Toa kwanza mshahara wa mlinzi, 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Toa na siku 40 za mawingu ambazo jenereta italazimika kuwashwa: 40 mara 36,000 ni 1,440,000. Unabaki na 9,900,000 za kuokoa kwa mwaka, na gharama inarudi katika miaka minne kasoro.

Umepoteza karibu mwaka mzima katika hesabu, na umepata kitu kikubwa zaidi. Shaka ya wizi imejibiwa (mlinzi yumo kwenye bajeti), shaka ya masika imejibiwa (jenereta inabaki, haiuzwi), na yule fundi mjuaji aliyejiandaa kukuumbua mbele za watu hana tena la kusema. Mpinzani hutafuta gharama uliyoificha. Akikuta umeitaja mwenyewe, huishia kuuliza maswali ya kawaida.

Bei ya ndoo nayo imalize kwa hesabu hiyohiyo: milioni 14 zinatangulia, milioni 24 zinalipwa kwa awamu, milioni 8 kila mwaka kwa miaka mitatu, kutoka kwenye hela ambayo ingenunua dizeli. Ndoo inabaki shilingi 50.

Maneno matatu ya 1978

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamevamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa uamuzi wa kupigana. Msingi wa hoja yake ulikaa juu ya maneno matatu ambayo Watanzania wengi wanaweza kuyataja hadi leo: uwezo, sababu, nia. Watu husifia sauti yake na ukali wa siku ile. Mimi huangalia mjengo. Kila neno ni jibu la shaka ambayo raia alikuwa nayo kichwani: tutawaweza? kwa nini tuingie? na tumedhamiria kweli? Na kila jibu linakaa katika umbo lilelile la sentensi, hivyo sikio linajua kinachokuja kabla hakijafika.

Umbo hilo linafaa hata kwa pampu. "Hela ya kuanzia tunayo. Mlinzi tunaye. Jenereta ya masika tunayo." Sentensi tatu, kila moja inafunga shaka moja, na mtu anaweza kuzibeba mpaka nyumbani akamweleza mwenzake aliyebaki na watoto. Ila usiige sauti ya Mwalimu. Wanaojaribu huchekwa, kimoyomoyo au waziwazi.

Kiswahili cha maiki

Kuna mitego ya lugha yetu ambayo vitabu vya kigeni vya hotuba haviwezi kukuonya. Ukanushaji wa Kiswahili umekaa mwanzoni mwa kitenzi, katika silabi moja nyepesi. "Hatutauza jenereta" na "tutauza jenereta" zinatenganishwa na "ha" peke yake, na spika mbovu au upepo unaweza kuimeza. Mtu wa nyuma anaondoka na habari iliyopinduka, na jioni kijiweni inakuwa uvumi. Dawa ni kusema jambo kwa upande wake wa kukubali: "Jenereta inabaki." Kama ni lazima ukanushe, rudia kwa neno zito: "Hatutauza. Kuuza hakupo."

Namba nazo zitamke kwa Kiswahili hadi mwisho. Kumi na tatu na thelathini kwa Kiingereza zinafanana mno kwenye spika, wakati kwa Kiswahili haziwezi kuchanganywa. Na zipunguze: "milioni kumi na tatu na kidogo" inatosha kwa sikio, 13,140,000 iache kwenye karatasi.

Halafu kuna minyororo ya "wa" na "ya": utekelezaji wa uboreshaji wa miundombinu ya usambazaji wa huduma ya maji. Rudisha kitenzi: tutatengeneza mabomba ili maji yafike. "Suala zima la" lifute kila unapoliona, halijawahi kuongeza kitu. Na kuhusu itifaki: salamu ni lazima, hasa kwa kijana anayesimama mbele ya wazee. "Shikamooni wazee wangu," ngoja marahaba yao ifike, kisha ingia kwenye jambo. Orodha ya viongozi kumi na wawili pamoja na "sitaki kuwapotezea muda" inakula dakika tatu ambazo watu walikuwa macho kuliko dakika nyingine yoyote.

Kwa makadirio, dakika moja ya Kiswahili cha mkutano hubeba maneno kama 100. Ukipewa dakika kumi, andika maneno 800, kwa sababu vicheko, maiki kuzimika na mwenyekiti kukukatisha vitakula zilizobaki. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, simu ikirekodi, mara tatu. Usikilizapo rekodi, tafuta mambo mawili: mahali ulipoishiwa pumzi (kata sentensi hiyo katikati), na idadi ya "yaani" na "kwa hiyo". Kisha kariri mambo mawili tu, sentensi ya kwanza na ombi la mwisho. Vingine viwe vichwa vya habari kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja. Anayekariri yote, neno moja likimtoka, anapoteza na njia.

Ukipelekwa kwenye slaidi

Hoja hiyohiyo ikienda wilayani, mbele ya wahandisi na watu wa fedha, utaombwa slaidi. Slaidi sita zinatosha kwa dakika kumi. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili yenye msimamo: "Dizeli inakula shilingi 18 katika kila 50", badala ya "Uchambuzi wa gharama". Lakini sentensi hiyo lazima iwe ndiyo ukweli mzito kuliko wote ulio chini yake.

Mfano mbaya kuliko yote unatoka Marekani. Januari 2003 chombo cha anga Columbia kilikuwa angani, na kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilikuwa kimegonga bawa lake wakati wa kuruka. Wahandisi waliwaonyesha wakuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, slaidi ambayo kichwa chake kilituliza: majaribio ya nyuma yalionyesha kwamba makadirio ya uharibifu yamewekwa juu kwa tahadhari. Mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ulisema kipande kilichogonga kilikuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali vilivyotumika katika majaribio vilikuwa na 3. Mara 640. Kwa maneno mengine, majaribio yale hayakuwa na uwezo wa kusema lolote kuhusu ajali hii. Februari 1, 2003 Columbia kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafa. Bodi ya uchunguzi iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake. Habari ilikuwemo, ila ilikaa mahali ambapo macho yameshachoka, chini ya kichwa kilichosema kinyume chake.

Basi chukua slaidi zako na uangalie mstari wa mwisho wa kila moja. Mara nyingi ndipo jambo lenyewe lilipojificha. Lipandishe liwe kichwa.

Mengine ni ya haraka. Herufi zisipungue ukubwa wa 28. Nenda kakae kiti cha mwisho ujaribu kusoma. Ukumbi ukiwa na madirisha wazi, tumia herufi nyeusi juu ya nyeupe: projekta haiwezi kumwaga weusi ukutani, weusi wake ni ukuta wenyewe ulivyo, na mwanga wa jua ukiingia slaidi ya rangi nzito inakuwa ukungu. Katika PowerPoint, ukiwa katikati ya onyesho, bonyeza herufi B na skrini inakuwa nyeusi; watu wanakuangalia wewe, kisha ukibonyeza tena slaidi inarudi. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter unarukia huko moja kwa moja, jambo linalosaidia sana wakati wa maswali. Beba nakala ya PDF kwenye flashi, adapta yako mwenyewe ya HDMI, na karatasi kumi zilizochapwa zenye jedwali la gharama. Umeme ukikatika, wewe unagawa karatasi na kuendelea.

Maiki ishike shingoni mwake, kidevuni, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni. Ukifunika kile kichwa cha wavu kwa kiganja kama wanavyofanya wanamuziki, unaziba matundu yanayoisaidia kukataa sauti za pembeni, inaanza kuzoa sauti ya spika na kulia. Ikilia, usiipulize wala kuigonga. Rudi nyuma ya mstari wa spika.

Maswali, kisha ombi

Kwetu mwenyekiti hupenda kukusanya maswali matatu kwa pamoja. Yaandike, na jina la muulizaji pembeni. Anza na gumu kuliko yote. Ukianza na rahisi, watu wanahesabu dakika na kuona unavyolikimbia lile la tatu. Rudia swali kwa maneno ya mwenyewe kabla ya kujibu, ili wa nyuma wasikie na wewe upate pumzi. Mtu akiuliza kwa hasira, mpe heshima yake kamili: "Mzee wangu, umeuliza hela ya Julai. Ilikuwa laki sita, na stakabadhi ni hii hapa." Usimjibu kwa hasira hata kama umati unacheka upande wako, mkutano humhurumia anayeaibishwa. Jambo usilolijua sema hulijui, taja siku utakayoleta jibu na mahali litakapobandikwa.

Kosa la kawaida ni kumaliza hotuba, kusema ahsanteni, halafu kufungua maswali. Neno la mwisho linakuwa la mtu mwingine, pengine lalamiko la barabara. Kubaliana na mwenyekiti mapema kwamba baada ya maswali utapewa dakika moja. Katika dakika hiyo rudia zile sentensi tatu, kisha lile ombi uliloliandika siku ya kwanza, neno kwa neno, na ukae chini. Mwenyekiti aite wanaokubali, wasiokubali, na wasio na upande, mikono ihesabiwe kwa sauti, na mtendaji asome azimio kutoka kwenye muhtasari, pamoja na namba zake, kabla mtu wa kwanza hajawasha pikipiki.